Yungu, Mumunye na Boga: Historia ya Mbegu katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Habari za nchi ya Mweru zimeandikwa na watu wa namna nyingi. Wareno walioongozwa na Lacerda walifika kwa Mwata Kazembe mwaka 1798, na kiongozi wao akafia huko huko. Gamitto alifika mwaka 1831, na kitabu chake juu ya ufalme huo kikapigwa chapa mwaka 1854. Livingstone aliliona ziwa mwezi wa Novemba mwaka 1867. Mwaka huo huo Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Itabwa, na baadaye akaisimulia vita hiyo kwa Kiswahili safi katika habari za maisha yake. Msomaji akizipitia kurasa hizo atajifunza mengi juu ya pembe, shaba, ushanga, vitambaa na watumwa. Atajifunza pia majina ya wafalme na mpangilio wa mabaraza yao. Lakini akitaka kujua nini kilipandwa nyuma ya nyumba, na mikono ya nani, na mbegu yake ilitoka wapi, itampasa asome kwa subira kubwa, maana waandishi hao walikula vyakula vya bustani bila ya kuitazama bustani yenyewe.

Katika makala haya tumekusudia kuitazama bustani hiyo, na ndani yake mmea mmoja tu, yaani boga. Twadai kwamba boga la Mweru ni hati ya historia, na kwamba waandishi wa hati hiyo walikuwa wanawake.

Nchelenge iko upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mto Luapula huingia ziwani upande wa kusini, na Mto Luvua hutoka upande wa kaskazini hapo Pweto. Chakula kikuu ni ugali wa muhogo, na kitoweo ni samaki. Katika maji hayo kimo kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo kila msomaji wa pwani atalitambua. Upande wa Zambia watu husema Kibemba na lugha zilizo ndugu zake, na upande wa pili Kiswahili cha Katanga husikika sokoni na bandarini. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili asidhani kwamba tunampeleka ugenini. Kiswahili kilifika huko zamani. Livingstone alipoingia katika mji wa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko miaka mingi kwa kuwa alizuiwa asiondoke.

Na tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ndiyo mali yetu walimu. Kwa Kibemba boga huitwa icipushi, na majani yake yanayoliwa huitwa chibwabwa. Lakini lugha hiyo inalo pia neno umungu, na wingi wake imyungu, nalo hutaja tunda la jamii ya mumunye, lile linaloliwa likiwa bado changa. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja neno yungu, na wingi wake mayungu, ambalo kamusi za zamani hulitaja pamoja na boga, na ambalo bado hutumika katika lugha kadhaa za bara la Tanzania. Mzizi huo ni wa kale sana katika lugha za Kibantu. Ni mkongwe kuliko boga lenyewe kuwako Afrika.

Jambo hili lahitaji maelezo. Kibuyu na mumunye ni wenyeji wa bara letu. Mwaka 2004 wataalamu wa mimea walieleza habari za vibuyu mwitu vilivyopatikana Zimbabwe, jirani ya Zambia. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vibuyu vya kale vya Marekani vilitokana na vibuyu vya Afrika, navyo vilivuka Bahari ya Atlantiki vikielea juu ya maji, bila nahodha wala tanga, maelfu ya miaka kabla ya Columbus. Boga lilikuja kwa njia ya kinyume. Asili ya maboga yote tuyalimayo ni Marekani. Katika pango la Guilá Naquitz, nchini Mexico, zimepatikana mbegu za boga lililolimwa zenye umri wa miaka ipatayo 10,000. Hakuna boga lililoweza kuota Afrika kabla ya meli za Wareno kuanza safari zao, nao waliuteka mji wa Kilwa Kisiwani mwaka 1505.

Basi mgeni huyu alipobisha hodi, watu wa bara walimtazama, wakaona anatambaa kama mumunye, ana majani mapana kama mumunye, na tunda lake huchemshwa kama mumunye. Mahali pengi wakampa jina la mwenyeji. Mahali pengine wakamtafutia jina jipya. Huko Mweru mwenyeji alibaki na umungu wake, na mgeni akaitwa icipushi. Kwetu sisi huo ni ushahidi ulio sawa na barua yoyote ya Mreno: watu wa Mweru waliwatofautisha wawili hao, wakawalima wote, wala hawakumfukuza mmoja kwa ajili ya mwingine. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Njia za kufikia Mweru zilikuwa mbili. Upande wa magharibi ilikuwako njia ya Walunda, waliotoka katika nchi ya Mwata Yamvo wakasimika ufalme wa Kazembe katika bonde la Luapula, nao walikuwa mahodari wa kulima muhogo, mgeni mwingine kutoka Marekani. Upande wa mashariki ilikuwako njia ya wafanyabiashara wa Kibisa, waliobeba pembe kwenda Tete na pwani kabla misafara ya Waswahili haijazidi. Ncha hizo mbili zilikuwa zimeunganika: Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara Waafrika waliotumwa na Wareno, walitoka Angola wakapitia kwa Kazembe, wakafika Tete mwaka 1811. Mbegu ya boga ni kavu, ni nyepesi, na hukaa miaka minne au mitano bila kufa ikihifadhiwa vema. Hakuna mzigo ulio rahisi kuubeba kuliko huo. Hautozwi hongo wala hauibiwi njiani.

Iko hadithi moja ambayo kila mtoto wa Luapula huisikia. Nkuba, mtawala wa Washila waliolimiliki ziwa kabla ya Walunda, alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti akampa Mwata kikapu cha udongo na mtungi wa maji, iwe ishara kwamba nchi na ziwa vyote vimekuwa vyake. Wanahistoria wameifafanua sana hadithi hiyo kwa habari ya haki za uvuvi na umiliki wa ardhi, na ni haki yao. Sisi twapenda kuongeza jambo dogo. Mikono iliyokabidhi udongo na maji ilikuwa mikono ya mwanamke, na udongo na maji bila mbegu havimlishi mtu. Hadithi haisemi mbegu zilibaki kwa nani. Huenda haikuona haja ya kusema, kwa kuwa hapakuwa na aliyeuliza.

Zilibaki kwa akina mama. Kazi yao katika upande huo wa nchi ilielezwa vizuri na Audrey Richards, mtaalamu aliyekaa miongoni mwa Wabemba miaka ya 1930 na kutoa kitabu kikubwa juu ya ardhi, kazi na chakula mwaka 1939. Katika kilimo cha citemene, matawi ya miti hukatwa, hurundikwa na kuchomwa, kisha ulezi hupandwa katika majivu. Na mwaka huo wa kwanza mbegu za mamumunye na maboga hutiwa humo humo, zipate kutambaa pembezoni. Mwambaoni, ambako muhogo ndio mfalme, boga hupandwa karibu na nyumba na juu ya matuta. Mvua huanza mwezi wa Novemba, na ghala huwa nyepesi Januari na Februari. Hiyo ndiyo miezi ya njaa. Ulezi haujaiva bado, na maji ya mvua hufanya kazi ya kukausha muhogo iwe ngumu. Wakati huo mama huingia bustanini akachuma majani machanga ya maboga, yale ambayo baadhi yetu Tanzania huyaita msusa, akayamenya nyuzi zake, akayapika kwa karanga zilizotwangwa. Pishi hilo la mboga na karanga watu wa huko huliita ifisashi. Baada ya majani huja maua, baada ya maua huja matunda machanga, kisha maboga yaliyokomaa, na mwisho mbegu za kukaanga. Hakuna mmea mwingine wa bustani unaotoa vyakula vingi hivyo kwa zamu, tena kwa wakati ule ule ambao sufuria huwa tupu. Na kwa kuwa ugali wa muhogo hushibisha lakini una upungufu mkubwa wa protini, kile kilichomo katika majani na mbegu za boga si kiburudisho cha mlo. Ni nusu ya mlo.

Hapa yafaa tueleze jinsi mbegu ya boga inavyotunzwa, kwa sababu bila maelezo hayo msomaji hataona hatari iliyopo. Mboga huu una maua dume na maua jike katika shina moja. Nyuki ndiye mshenga. Huchukua chavua ya ua dume akaipeleka katika ua jike, naye haulizi kama dume ni wa bustani hii au ya jirani. Tunda la mwaka huu halibadiliki kwa kosa la nyuki. Litakuwa kama la mama yake. Kinachobadilika ni mbegu zilizo tumboni mwake, na mwenye bustani hatalijua hilo mpaka mwaka ujao, aonapo boga lisilo na sura ya lile alilolipasua. Kwa hiyo mbegu ya boga si mali ya mtu mmoja. Ni mali ya mtaa mzima. Mama akitaka kudumisha boga lake tamu lenye nyama kavu, hana budi jirani zake wote wapande la namna hiyo hiyo, au wapande la ukoo mwingine usioingiliana na lake.

Koo hizo ni tatu kwa hesabu ya mkulima wa kawaida, nazo hutambuliwa kwa kikonyo. Boga ambalo kikonyo chake ni kinene, cha mviringo na laini kama gome la muhogo, ni la ukoo ambao wataalamu huuita Cucurbita maxima. Lenye kikonyo kigumu cha pembe tano, kilichotanuka kama kiguu cha kinu pale kinaposhika tunda, ni Cucurbita moschata, ukoo upendao sana joto na unyevu. Lenye kikonyo kigumu cha pembe kali, kisichotanuka, na majani yenye kukwaruza, ni Cucurbita pepo. Koo hizi huingiliana kwa nadra. Lakini ndani ya ukoo mmoja hakuna ukuta. Wala msomaji asihofie kibuyu: kibuyu na boga hazichavushani kabisa, hata zikitambaa juu ya paa moja.

Mama anayejua hayo, hata kama hajui jina moja la Kilatini, huchagua boga bora la kwanza na kuliacha likomae mpaka kikonyo kikauke. Hulipasua, akaziosha mbegu na kuzianika kivulini, akaondoa zilizo nyepesi, kisha akazitia katika kibuyu pamoja na majivu na kukitundika juu ya meko, moshi uwafukuze wadudu. Tazama basi mwenyeji na mgeni walivyopatana: boga kutoka Marekani hulala usingizi wake wa kiangazi ndani ya kibuyu cha Afrika.

Utunzaji huo wa kila mwaka ulipata misukosuko mikubwa. Kati ya mwaka 1906 na 1922 maradhi ya malale yaliingia bonde la Luapula na mwambao wa Mweru. Utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika ya Kusini uliwahamisha watu kutoka kandokando ya maji na kuzuia uvuvi. Wenye kuandika habari hizo wametaja mitumbwi, nyavu na vijiji vilivyoachwa. Lakini tufikirie pia vile vibuyu vya mbegu. Aina ya boga isiyopandwa kwa miaka mitano au sita imekufa, hata kama mwenyewe yu hai. Kila aina iliyorudi mwambaoni baada ya mwaka 1922 ilirudi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeipanda uhamishoni, katika udongo asiouzoea. Wakati huo huo migodi ya shaba ya Katanga, na baadaye ile ya Zambia yenyewe, iliwavuta wanaume maelfu. Bustani zikazidi kuwa za wanawake peke yao.

Ugenini boga limepata heshima ya kuandikwa. Huko Marekani, katika mji wa Marblehead, mwuza mbegu James Gregory alipata boga moja zuri lisilo na jina kutoka kwa jirani, Elizabeth Hubbard. Alipoanza kuuza mbegu zake katika karne ya 19 akaliita kwa jina la mama huyo, na mpaka leo boga la Hubbard huuzwa kwa jina hilo. Mama huyo hakuwa mtaalamu. Aliipanda mbegu na kuigawa, basi. Kazi hiyo hiyo imefanywa Nchelenge, Kashikishi na visiwani kwa vizazi vingi, na wala hakuna boga hata moja la Mweru linalouzwa duniani kwa jina la mwanamke wa Mweru.

Hapa Afrika Mashariki tunalo shairi kubwa lililojengwa juu ya mmea huu. Okot p'Bitek alitoa utenzi wake wa Lawino kwa Kiingereza mwaka 1966, na Paul Sozigwa akautafsiri kwa Kiswahili mwaka 1975. Walimu wengi wameufundisha, nao wanajua kwamba moyo wake ni methali ya Waacholi inayokataza kuling'oa boga la kiamboni. Katika kusomesha, mara nyingi boga hilo limefasiriwa kuwa ni utamaduni wa asili usiochanganyika na cha kigeni. Sisi twaona fasiri hiyo imepungua. Boga hilo lenyewe ni la kigeni. Babu zake walitoka ng'ambo ya bahari. Limekuwa la kiamboni kwa sababu limepandwa na kutunzwa hapo mpaka likawa ndugu. Fasiri hii haiudhoofishi utenzi, bali huupa nguvu zaidi, kwa kuwa hatusemi tena juu ya asili ya kitu bali juu ya matunzo yake.

Na matunzo ndiyo yaliyo hatarini. Tangu uhuru wa mwaka 1964 sera ya kilimo nchini Zambia imeegemea mno mahindi. Bodi ya taifa ya masoko ya mazao, iliyoitwa NAMBOARD, ilifanya kazi tangu mwaka 1969 hadi 1989, na mipango ya ruzuku iliyofuata imetoa mbolea na mbegu chotara za mahindi. Hatusemi kwamba mahindi ni adui. Lakini mkulima alifundishwa kupanda zao moja kwa mistari iliyonyoka, na boga litambaalo kati ya mistari likaonekana uchafu. Na dawa za kuua magugu zilipokuja, nyingi hazikutofautisha gugu na chibwabwa. Upande mwingine soko la mijini limeleta boga dogo la umbo la chupa liitwalo butternut, ambalo aina yake mashuhuri, Waltham, ilitolewa Marekani mwaka 1970. Ni boga jema, tamu na rahisi kubeba. Lakini ni la ukoo wa moschata. Likipandwa karibu na maboga ya kienyeji ya ukoo huo, nyuki atafanya kazi yake, na baada ya misimu michache mama hatapata tena lile la bibi yake. Pale mbegu ya dukani inapokuwa chotara, hata butternut yenyewe haitarudi kama alivyoinunua.

Watu wa Mweru wanajua maana ya kupotewa. Samaki aitwaye mpumbu, ambaye zamani alipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, alivuliwa kwa wingi ili kulisha miji ya migodi mpaka, ilipofika katikati ya karne ya 20, uvuvi wake ukaanguka. Kuanguka kwa mpumbu kuliandikwa katika majalada ya serikali, kwa kuwa mpumbu alikuwa fedha. Aina ya boga ikipotea hakuna karani anayeandika.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 makazi ya wakimbizi yalifunguliwa Mantapala, katika Wilaya ya Nchelenge, kwa ajili ya maelfu ya Wakongo waliokimbia vita katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili, na walipewa viwanja vya kulima. Hivyo katika wilaya hiyo moja wanaishi sasa mama asemaye icipushi na mama asemaye boga, kila mmoja na desturi zake za kupanda, na nyuki wale wale juu ya bustani zao wote.

Kituo cha mbegu za nchi za kusini mwa Afrika kilichoanzishwa mwaka 1989 karibu na Lusaka huhifadhi mbegu katika baridi kali, na kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha tangu mwaka 1992 hushughulikia mboga za kienyeji. Kazi zao ni njema. Hata hivyo mbegu iliyo katika baridi haijui jina lake la nyumbani, wala haijui ilipikwa kwa karanga au kwa chumvi tupu. Majina hayo yako vinywani mwa watu, na huko ndiko walimu wa lugha tunakoweza kufika kabla ya wengine. Twawaomba basi wenzetu wanaofundisha kandokando ya Tanganyika, Rukwa, Nyasa na Mweru, pande zote za mipaka, wawatume wanafunzi kwa bibi zao na kutuletea majina ya maboga yanayolimwa kwao. Kwa kila jina liandikwe umbo la kikonyo, rangi ya ganda na ya nyama, mwezi wa kupanda, jinsi majani yanavyopikwa, na jina la kijiji alikozaliwa yule mama aliyeileta mbegu alipoolewa.